Fundo la Bi Huwaida

Bi Huwaida wa Mkomani, Lamu, alikuwa na mkono uliosifiwa mtaa mzima. Alishika sindano ya kofia akiwa na miaka tisa, na sasa ana hamsini na minane, na bado hakuna aliyemshinda kwa zile kofia za vitobo vidogo vidogo zinazochukua miezi kumalizika. Watu waliotaka kofia ya bwana harusi walimwendea yeye kwanza. Akikataa ndipo walipokwenda kwa wengine, na hao wengine walilijua hilo na liliwauma. Naye alijua kuwa linawauma, na wala hakujisumbua kujifanya kuwa halimfurahishi.

Jambo la pili alilojivunia lilikuwa sauti ya mumewe. Bwana Nabhan alisomesha watoto Kurani chuoni asubuhi, na kwa miaka thelathini na moja aliadhini kwenye msikiti mdogo ulio nyumba ya tatu kutoka kwao. Hakuwa tajiri, hakuwa na cheo, hata umbo lenyewe lilikuwa la mtu wa kusahaulika. Lakini alipoinua sauti, wanawake walioko jikoni walipunguza moto ili wasikie. Huwaida alikuwa akishona, akisikia, akisema moyoni: huyo ni wangu. Ndivyo alivyokuwa, na mimi simlaumu.

Maradhi yalianza kimya kimya. Kwa miaka miwili Bwana Nabhan alikuwa akiamka mara nne, mara tano, kwenda chooni, akisimama humo muda mrefu kwa matone machache. Alisingizia chai. Mkewe akapunguza chai, mambo yakabaki vile vile, akasingizia baridi. Asubuhi moja mkojo ukakataa kabisa kutoka. Mtu mwingine angekwenda hospitali saa ile ile. Yeye aliona kwamba adhuhuri haiko mbali, akangoja aadhini kwanza. Aliadhini, akasali, na alipofika mlangoni kwake akaanguka kwenye baraza huku ameshika tumbo.

Hospitalini alipokewa na muuguzi mmoja mrefu kutoka bara, jina lake Patroba, aliyekuwa Lamu mwaka wa sita na aliyekwisha zoea kuwaamkia wazee wa mji kwa heshima yao. Patroba alimtia mpira wa mkojo, na kwenye mfuko wake mkaingia karibu lita mbili za mkojo. Bwana Nabhan alilia kwa raha, akamwombea dua Patroba na wazee wake wote.

"Mzee, ni tezi dume," Patroba alimweleza siku iliyofuata, Huwaida akiwa amekaa pembeni. "Imekua mpaka imebana njia. Mpira huu utakaa miezi miwili na nusu, mpaka timu ya madaktari wapasuaji ije kuweka kambi ya matibabu hapa hospitalini. Wanakuja na mashine mpya, hawapasui tumbo. Lakini nisikilize vizuri. Vipimo vinaonyesha figo zako zilikuwa zimeanza kuumia kwa huo mkojo uliokuwa ukirudi nyuma. Mpira uwe wazi saa zote. Mfuko ukae chini ya kiuno. Usiutenganishe mfuko na mpira ovyo ovyo, uchafu utaingia."

"Tumesikia, mwanangu," akasema Huwaida. Na kweli walisikia.

Bwana Nabhan alirudi nyumbani akajifungia siku kumi na moja. Huwaida alimwambia kila aliyeuliza kuwa ni homa. Mfuko ulining'inia pembeni mwa kitanda, na mzee wa watu aliutazama kama mgeni asiyetaka kuondoka. Siku ya kumi na moja, adhuhuri, sauti ya Bwana Bakr muuza samaki ikasikika kwenye kipaza sauti cha msikiti. Masikini Bwana Bakr alijitolea tu kwa sababu hapakuwa na mtu, lakini aliadhini kama anayemwita punda aliyevunja kamba. Watoto wakacheka njiani. Bwana Nabhan akageukia ukutani, na Huwaida akaona mabega yake yanatikisika.

Huwaida hakuweza kuvumilia. Nitasema kweli yote: hakuvumilia machozi ya mumewe, na hakuvumilia pia wanawake waliomuuliza kwa nini sauti ile haisikiki tena.

"Rudi msikitini, Baba Obeid," akamwambia.

"Nitangia vipi? Nimetukua mfuko wa mkojo, nende nao mbele ya kibla?"

"Huwachi mfuko hapa ndani? Mpira tukaukunja, tukaufunga kwa uzi. Ni robo saa tu. Ukirudi naufungua, narudisha mfuko wake."

Bwana Nabhan akautazama mfuko. Alikuwa mtu wa kusoma. Katika kitabu cha fiqhi, mlango wa mwenye udhuru wa kudumu, yule ambaye mkojo haumkatiki, aliwasomesha watoto wa chuoni kila mwaka: anatawadha wakati wa sala unapoingia, anajisitiri, anasali, na Mwenyezi Mungu anamkubalia hata kama matone yanatoka. Aliujua kwa moyo, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Lakini huo ulikuwa mlango wa watu wengine. Na hata angeutaka, ingembidi amweleze imamu, imamu angewaeleza jamaa, na mpaka laasiri mji mzima ungejua kuwa Mwalimu Nabhan ana mpira umetokea kule.

"Lete uzi wako," akasema.

Basi Huwaida akaufunga. Aliukunja mpira mara mbili, akauzungushia uzi wa kofia, akapiga fundo linalofunguka kwa kuvutwa mara moja. Fundo zuri, halikuvuja hata tone. Bwana Nabhan akavaa kanzu, akatoka, akaadhini, na Huwaida alisimama nyuma ya dirisha akalia kwa furaha.

Ndivyo walivyofanya mara tano kwa siku. Mwanzoni ilikuwa kweli robo saa. Lakini muadhini hatoki msikitini mbio mbio kama aliyeacha chungu motoni. Kuna watu wa kusalimiana nao, na kuna darasa baina ya magharibi na isha ambalo miaka yote alikaa mstari wa mbele. Robo saa ikawa nusu saa. Magharibi ikaunganishwa na isha. Ijumaa alitoka kabla ya saa sita mchana akarudi baada ya laasiri, ametoka jasho, tumbo limekaza, na alipofunguliwa akauma ncha ya kilemba asipige kelele. Huwaida aliona. Alisema, "Usikae sana, Baba Obeid," naye akajibu, "Sikai sana," na wote wawili wakaridhika na maneno hayo.

Wiki ya sita ya kufunga mpira, mkojo ukawa mzito, una harufu mbaya. Wiki ya saba Huwaida akaona ndani ya mfuko uzi mwembamba wa damu. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na kesho yake ni Ijumaa. Aliumwaga, akausuuza mfuko kwa sabuni, akamwambia mumewe anywe maji kwa wingi. Bwana Nabhan alianza kushika kiuno akiinuka. Huwaida alipomtajia Patroba, alimkamata mkono.

"Huendi kumwambia mtu. Yambo hili ni letu. Sitara yangu ni weye."

"Sisemi," akaahidi.

Kambi ilipofika, Bwana Nabhan alilazwa Jumatatu. Alikuwa ana homa ndogo ambayo aliificha kwa kukaa karibu na feni. Alipangiwa kufanyiwa upasuaji Jumatano. Kitanda cha pili alilala Bwana Abdulkadir, mvuvi wa kamba kutoka Kizingitini, mtu wa maneno mengi aliyekuwa na mpira kwa miezi mitano na asiyeona haya kumwonyesha kila aliyepita.

Mkuu wa timu alikuwa mwanamke. Hilo lilimvunja Bwana Nabhan nguvu kabla ya jambo lolote. Daktari Nerea alikuwa mama wa miaka arubaini na kitu, mnene kidogo, miwani imening'inia kifuani, na alisema mambo ya uchi wa wanaume kwa sauti ile ile ambayo watu huulizia bei ya nyanya. Alikaa kwenye kiti baina ya vitanda viwili akawaeleza wazee.

"Zamani tulikuwa tunapasua hapa," akapitisha kidole chini ya kitovu chake mwenyewe. "Tunafungua kibofu, tunaing'oa tezi kwa vidole. Damu nyingi, wiki mbili tatu hospitalini. Sasa hatukati mahali popote. Unadungwa ganzi mgongoni, tunapitisha chombo chembamba chenye kamera kwenye njia ile ile ya mkojo. Ninaiona tezi kwenye runinga. Kwenye chombo kuna waya mdogo wa kutoa miale ya leza, naambua nayo ile nyama iliyokua, naisukuma kibofuni, naisaga, naivuta nje. Siku mbili, mpira unatoka."

"Na mambo ya nyumbani?" akauliza Bwana Abdulkadir, akimkonyeza Bwana Nabhan aliyetaka ardhi immeze.

"Nguvu kwa wengi haipotei. Mbegu ndizo zitakazorudi nyuma kibofuni badala ya kutoka. Kama bado unataka mtoto, sema sasa."

"Nina kumi na mmoja. Kata."

Wodi nzima ikacheka, hata Patroba. Huwaida alicheka pia akiwa amejiziba kwa buibui, na ile ndiyo mara ya mwisho alipocheka wiki hiyo. Nduguye Bwana Nabhan, Abdulwahid, alipasuliwa kwa njia ya zamani huko Mombasa, na mpaka anakufa hakuwahi tena kukaa wima vizuri. Huwaida alisikia maneno ya daktari akaona kwamba mumewe amebahatika, kwamba Ijumaa atakuwa mzima na mpira utakuwa habari ya kusahau.

Jumanne Bwana Abdulkadir akaenda thieta kufanyiwa leza. Jumanne hiyo hiyo, alasiri, Daktari Nerea akaja kwenye kitanda cha Bwana Nabhan na karatasi mkononi, hana mzaha.

"Mzee, sikuelewi," akasema. "Mkojo wako una bakteria wengi sana. Kipimo cha figo kimepanda mara tatu kuliko kile cha miezi miwili iliyopita. Na picha hii," akaionyesha, weusi na weupe ambao Huwaida hakuelewa chochote, "figo zote mbili zimevimba, zimejaa mkojo. Mtu ambaye hana mpira, ningeelewa. Wewe mpira unao, na naona unatoka vizuri. Kwa hiyo kuna kitu kingine kinaziba huko juu."

"Kitu gani, daktari?" akauliza Huwaida.

"Naogopa saratani. Wakati mwingine inatoka kwenye tezi inapanda, inabana mirija ya figo. Sitafanya leza. Kesho tutamtoboa mgongoni, huku na huku, tuingize mipira miwili kwenye figo zenyewe, kisha apelekwe Mombasa akakatwe vinyama vya kupima."

Bwana Nabhan alikuwa amefumba macho. Huwaida akamtazama, naye, kama aliyejua kuwa anatazamwa, akatikisa kichwa polepole: usiseme. Mtu huyu alikuwa tayari kutobolewa mgongo mara mbili, avushwe bahari akatafutiwe saratani ambayo hana, kuliko kutamka mbele ya mwanamke yule kwamba alikuwa akifunga mpira ili aingie msikitini. Huwaida akaitazama tena ile picha. Aliahidi. Na akijinyamazia, watamtoboa.

"Daktari," akasema. "Ule mpira haukai wazi."

"Una maana gani?"

"Huwa unafungwa. Wakati wa sala. Mfuko unatolewa, mpira unafungwa kwa uzi."

Daktari Nerea akaweka karatasi kitandani. "Kila sala? Kwa muda gani?"

"Robo saa." Akameza mate. "Saa moja. Ijumaa, hufika saa nne nzima."

"Mungu wangu. Nani anaufunga?"

Hapo ndipo lilipotokea lile ambalo Huwaida atalikumbuka mpaka siku ya kufa kwake. Hakulipanga. Lilitoka lenyewe, jepesi, kama linavyotoka neno kwa mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Yeye," akasema. "Mwenyewe."

Bwana Nabhan akafumbua macho. Alimtazama mkewe, si kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayesoma herufi ambayo hakuitarajia mahali pale, anairudia kuhakikisha. Kisha akamgeukia daktari.

"Ni kweli," akasema. "Ni miye."

Daktari Nerea alimkaripia. Hakupiga kelele, lakini wodi ilisikia. Alimwambia kuwa wapo wagonjwa wanaopewa kibomba kidogo cha kufungia mpira wakatembea na shughuli zao, lakini si mwenye kibofu na figo kama zake, na kwamba angeuliza tu, angetafutiwa njia. Alimwambia kuwa kila fundo lilirudisha mkojo kwenye figo, na kila alipoutenganisha mfuko aliwafungulia bakteria mlango. Patroba aliyesimama miguuni mwa kitanda akasema kwa upole, "Mzee, mimi si mtu wa dini yenu, lakini mwaka jana tulikuwa na Mzee Ammar hapa, sheikh mzima, alisali na mpira wake wazi. Aliniambia inaruhusiwa."

"Nayua," akajibu Bwana Nabhan. "Nawasomesha watoto."

Daktari akafuta mambo ya kutoboa mgongo na ya Mombasa, akaagiza dawa ya mshipani na mpira ukae wazi. Jina la Bwana Nabhan likatolewa kwenye orodha ya Jumatano akawekwa mzee mwingine aliyekuwa akingoja. Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho ya kambi. Kama homa itashuka na figo zitateremka, alisema, huenda. Lakini akiwa anaondoka Huwaida alimsikia akimwambia Patroba mlangoni: "Na hata zikiteremka, sijui. Mimi Jumamosi naondoka. Mgonjwa anayefanya lake akifika nyumbani, nimpasue halafu nani atamwangalia? Andika kwenye faili kwamba hafuati maagizo." Na Patroba akaandika.

Jumatano Bwana Abdulkadir alikuwa akitembea wodini. Alhamisi asubuhi mpira ukatolewa, akaingia chooni, na watu wote wakatega masikio, kisha wakamsikia akicheka huko ndani peke yake. Alitoka amenyoosha mikono kama aliyeshinda mashindano ya ngalawa. "Wameikomba ile nyama kama unavyokomba nyama ya dafu kwa kijiko," akawaambia, "kifuu kiko vile vile! Bwana Nabhan, usiogope, weye zamu yako yaja!" Bwana Nabhan akampongeza, akamwombea heri. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa homa.

Kwa siku mbili hizo hakumwambia mkewe neno la lawama. Laiti angemtukana. Huwaida alimmenyea chungwa, akalila, akasema, "Ahsante." Alimfuta jasho, akasema, "Ahsante." Alipokuja mgeni kumwangalia, mzee mmoja wa msikitini, na kuuliza kulikoni, Bwana Nabhan alisema mwenyewe, mbele ya Huwaida, "Nalifanya ujinga, nikafunga mpira." Alisema nalifanya, hakusema twalifanya. Miaka thelathini na minne ya ndoa, na huyu mtu alikuwa amelibeba fundo lake na la mkewe, amelala nalo, kana kwamba halikuwahi kuwa la mwingine. Aliyemwomba sitara alikuwa yeye, na aliyesitiriwa alikuwa mkewe. Huwaida alikwenda chooni akajiangalia kwenye kioo na akajichukia.

Alhamisi hiyo kabla ya adhuhuri alibisha mlango wa chumba cha madaktari. Daktari Nerea alikuwa akila mahamri, Patroba akipanga mafaili.

"Nilisema uwongo," akasema Huwaida akiwa bado amesimama. "Aliyefunga ni miye. Mkono wangu. Na wazo langu pia. Yeye alikuwa hataki kutoka nyumbani, nikamwambia tufunge. Siku kumi hivi kabla hamjaja naliona damu mfukoni, nikaimwaga. Hata yeye sikumwambia."

Daktari aliacha kutafuna. "Kwa nini hukusema Jumanne?"

"Naliona haya."

"Na yeye alikubali kubeba?"

"Alikubali."

Daktari Nerea akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akachukua faili kwa Patroba, akayakata kwa kalamu yale maneno. "Nimekusikia," akasema. "Ananyolewa leo, anafunga kula usiku. Kesho asubuhi nikikuta hana homa, ni wa kwanza kuingia. Lakini si mimi wa kuamua, ni damu yake."

Huwaida hakurudi nyumbani. Alishinda na kulala kwenye benchi la wodi akisoma kila uradi aliowahi kufundishwa. Ijumaa asubuhi Patroba akampima Bwana Nabhan homa, akatikisa kipima joto, akampima tena. Daktari akaja na majibu ya damu. Akakaa kwenye kitanda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Figo zimeteremka kidogo, si za kutosha. Na homa bado ipo. Nikipitisha chombo kwenye mkojo mchafu hivi, naupeleka uchafu wote kwenye damu. Kwa umri wako, mzee, utanifia mezani au utanifia kesho yake. Mashine ninayo, mkono ninao. Siwezi."

"Sasa?" akauliza Bwana Nabhan.

"Utatibiwa mpaka homa iishe. Mpira utakaa. Timu inarudi baada ya miezi sita." Akayatazama tena majibu. "Na figo ya kushoto, sidhani kama itarudi kuwa figo kamili. Tuiombee hiyo ya kulia. Wangeniita wiki mbili tu nyuma..."

Hakumaliza. Huwaida alimaliza mwenyewe moyoni. Wiki mbili nyuma ndiyo ile Alhamisi ya damu.

Siku nane baadaye homa ilikwisha, na Bwana Nabhan akaruhusiwa kwenda nyumbani. Timu ilikuwa imekwisha ondoka, lakini Daktari Nerea alipiga simu kwa Patroba, naye akaiweka sauti wazi juu ya meza ili wote wasikie. Mume na mkewe walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, mzee na kanzu yake, mfuko umefungwa kwenye paja ambapo sasa kila mtu aliweza kuona umbo lake.

"Miezi sita si mchezo," sauti ya daktari ikasema. "Mkojo upimwe kiasi chake kila siku na uandikwe. Mpira ubadilishwe kila mwezi. Rangi ikibadilika, harufu ikibadilika, simu saa ile ile. Nataka jina la mtu mmoja nyumbani ambaye nitamdai mimi mwenyewe. Mna mtoto?"

"Obeid yuko Mombasa," akasema Huwaida haraka. "Anaweza kurudi. Au Patroba apite, tutamshukuru. Au dada yake Baba Obeid, yuko hapa Langoni, ni mwanamke makini."

"Mzee, wewe unasemaje? Nani?"

Bwana Nabhan hakugeuka kumtazama mkewe. Aliinua mkono akamwonyesha kwa kidole, kama vile daktari angeweza kuona kupitia kwenye simu.

"Huyu hapa. Huwaida."

Sauti ya daktari ikauliza, "Aliyeufunga?"

"Ndiye."

"Mzee, una uhakika?"

"Obeid atasahau," akasema Bwana Nabhan. "Dada yangu atatoka kwenda harusini. Patroba ana wagonjwa mia. Hapana mwengine katika nti hini atakayeogopa kama yeye."

Patroba aliinama akaandika jina. Huwaida alitaka kumuuliza mumewe kama lile lilikuwa msamaha au lilikuwa adhabu, na akaona kwamba hana haki ya kuuliza. Alivuta kiti chake karibu na meza.

"Nielezeni tangu mwanzo," akasema. "Polepole. Naye asikie."